Kusini Huendwa kwa Mwezi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya kutembeza wageni, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie matembezi ya Kusini Unguja, na naona wengi mmeshika kalamu mnasubiri majina: Jozani, Kizimkazi, Paje, Jambiani, Makunduchi. Majina mnayajua. Ninalotaka kukuambieni ni kuwa safari ya Kusini hupangwa kwa mwezi na upepo, na anayekwenda bila ya kuviangalia hivi viwili hurudi akisema Jambiani haina bahari.

Na wapo wasemao hivyo! Mtu katoka mjini na watoto, kabeba biriani na maji ya baridi, kafika saa nne asubuhi, akakuta mchanga mtupu na majani mpaka kule wimbi linapovunjika. Tazameni siku yenyewe: aghlabu ni mwezi mchanga au mwezi mpevu, na hayo ni maji ya bamvua. Wakati wa bamvua huku kwetu maji hupwa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi za jioni. Baina ya kujaa na kupwa panaweza kuwa na kiasi cha mita nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi, na baada ya wiki, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: saa nne ile ile ya asubuhi maji yapo juu, na hata yakipwa hayendi mbali. Basi anayetaka kuogelea asubuhi na watoto wake asubiri maji mafu. Aliyekwenda bamvua aogelee jioni, na asubuhi atembee.

Mimi nikiambiwa nichague, nachagua kutembea. Shukeni Paje au Jambiani maji yamekupwa, mtawakuta kina mama kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989. Vijiti vimepigwa mchangani, kamba imevutwa baina yake, na mashada ya mwani yamefungwa kwenye kamba moja moja. Mama amekaa ndani ya maji, ananyanyua kamba, anapukutisha mchanga na uchafu, anafunga upya palipokatika. Mgeni anayepita katikati akaikanyaga kamba ile amelikanyaga shamba la mtu, na ni juu yenu nyinyi vijana kumzungusha. Mbele zaidi, karibu na mwamba, wapo wanaochokoa pweza. Fimbo inaingizwa tunduni, inatikiswa taratibu, pweza anaikumbatia. Akishatolewa anapigwa juu ya jiwe mpaka alainike. Vaeni viatu, ile miiba myeusi ya baharini haijui mgeni wala mwenyeji. Na maji yakianza kurudi, nanyi rudini. Mifereji iliyo nyuma yenu hujaa kabla ya pale mliposimama, na wengi wameshtukia wamezungukwa.

Kuna pahala mwezi ukiudharau hufiki kwa miguu. Watu wa Kisiwa cha Uzi, kwa vizazi, wamepanga safari zao kwa ile njia ya mawe inayokatiza mikokoni kutoka Unguja Ukuu, ambayo maji yakijaa hufunikwa. Kule Pingwe, Michamvi, upo mkahawa juu ya mwamba baharini: maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Mliopo Michamvi vukeni upande wa pili, Kae, jioni. Ni katika pahala pachache pwani ya mashariki ambapo jua linazama baharini.

Sasa upepo. Vijana wanaocheza kaiti Paje, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wanaujua kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba mpaka kiasi cha Februari, kusi inashika Juni mpaka Septemba. Bahari ya ndani ya mwamba ni ya kina kidogo na haina mawimbi makubwa, ndiyo maana wanaoanza hufunzwa pale. Masika ikiingia pepo zinayumba, na Paje hupumzika kidogo.

Kizimkazi, kwenye kutazama pomboo, nendeni mapema, kabla upepo haujaamka. Lakini hapa nina ugomvi. Bahari ya pale, Ghuba ya Menai, imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na pomboo wale zamani walivuliwa wawe chambo cha papa. Utalii ndio uliowaokoa. Leo mashua zinawafukuza, injini kumi zinawaandama pomboo watano wanaotaka kupumzika, mgeni anarushwa majini juu ya vichwa vyao. Nahodha mzuri huzima injini mbali akangoja. Wakija, wamekuja. Wasipokuja, mgeni umpeleke Dimbani akauone msikiti. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, lakini kibla chake kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na mpaka leo watu wanasali. Mgeni aombe ruhusa, avue viatu, ajisitiri.

Jozani haingoji mwezi. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na kima punju wake ni wa Unguja hii, asili yao haipo pengine duniani. Watu wa huko wamewaona wakila makaa, na wataalamu wanasema makaa yanawasaidia kuvumilia sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na ya miti ya mikungu. Msiwape chakula, msiwakaribie. Dereva naye apunguze mwendo, yale matuta ya barabarani yamewekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawaua. Ila pale Pete, kwenye ujia wa mbao wa mikokoni, mwezi unarudi tena: maji yakijaa mnaona samaki wadogo kati ya mizizi, yakipwa mnaona kaa.

Makunduchi nendeni Julai, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wanapopigana kwa magogo ya migomba na kibanda kinachomwa moto. Mkae pembeni, si mchezo wa kuigiza.

Na wenye miguu waingie Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo mifupa ya punda milia, na dalili za watu walioishi zama ambazo Unguja ilikuwa imeshikana na Bara. Chukueni tochi, na mwenyeji wa kukuongozeni. Pango lile lina wenyewe, na wapo wanaokwenda kuomba dua mle.

Haya, maswali. Na atakayeniuliza habari za Nungwi, hiyo ni Kaskazini, amtafute mwengine.