Dawa Ipo Stoo, Mgawaji Hayupo

HAMISI: Dada Neema, wiki hii nimekesha na vitabu vya bajeti ya UKIMWI mpaka macho yananiuma.

NEEMA: Pole, kaka. Umekuta nini zaidi ya dawa?

HAMISI: Dawa zenyewe siku hizi ndiyo sehemu rahisi! Mwaka 2000 ARV za mtu mmoja zilipita dola 10,000 kwa mwaka. Leo kidonge kimoja kwa siku, mwaka mzima, ni chini ya dola 50.

NEEMA: Basi serikali ilipe, tulale.

HAMISI: Wapi! Chukua kipimo cha wingi wa virusi. Muuguzi katoa damu asubuhi. Kwa vipimo vingi, ile damu itenganishwe ndani ya saa 24, la sivyo sampuli imeharibika. Kwa hiyo unahitaji pikipiki, mafuta, boksi la baridi, maabara yenye umeme, halafu karani wa kurudisha jibu kwenye faili sahihi. Hao wote nani anawalipa?

NEEMA: Mfadhili.

HAMISI: Haya. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na ule mpango wake wa kufadhili vita dhidi ya UKIMWI, PEPFAR, ulikuwapo tangu 2003. Kuna vituo dawa ilikuwa stoo, ila waelimishaji rika na makarani wameambiwa wabaki nyumbani.

NEEMA: Mie simlaumu mfadhili peke yake. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi zilizofika huko na kubaki huko ni za kuhesabu. Tulizoea kulishwa, bwana.

HAMISI: Zimbabwe wao walianzisha tozo ya UKIMWI mwaka 1999: asilimia 3 juu ya kodi ya mapato. Sio ya mshahara, ya ile kodi yenyewe. Watu huwa wanachanganya hapo.

NEEMA: Na pesa ikipungua, mimi ningeunganisha. Mwenye VVU, mwenye presha, mwenye sukari, wote dirisha moja. Kwa nini jengo lake peke yake?

HAMISI: Hapo sikubaliani nawe. Kijana anayeogopa kuonwa ukimweka kwenye foleni ya jirani zake, harudi. Utaokoa kodi ya jengo, umpoteze mtu.

NEEMA: Na kwenye jengo la peke yake je? Akionekana mlangoni tu, mtaa mzima umejua.

HAMISI: ...Hilo nalo ni kweli. Tuliache kwanza, maana nataka kuongelea sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU.

NEEMA: Lenacapavir!

HAMISI: Mara mbili kwa mwaka. Kwenye utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, matokeo ya 2024, wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Na imetangazwa kuwa toleo lisilo na jina la kampuni litauzwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

NEEMA: Nzuri. Sasa msichana kachomwa Machi. Septemba nani anampigia simu arudi? Akibadilisha namba, nani anakwenda kumtafuta? Huyo mtu yuko fungu gani kwenye vitabu vyako?

HAMISI: Nimemtafuta, dada. Kwenye nilichosoma jana usiku, yumo chini ya "mengineyo". Pamoja na chai ya vikao.