Amua nani afikie huduma za seva yako ya Linux

Habari zenu, karibuni. Leo tuna kazi moja tu: kuamua ni kompyuta zipi ziruhusiwe kufikia huduma za seva yako, na nyingine zote zigonge mwamba. Natumia Ubuntu. Kwenye Debian hatua ni zilezile, ila huenda ukahitaji kusakinisha kwanza ufw, programu ya kusimamia fayawoli. Anwani zote za IP utakazoona zinazoanza na 198.51.100 au 203.0.113 zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo usizinakili. Weka za kwako.

Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya fayawoli, yaani ule ukuta unaochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Tutafika huko. Kwanza tujue seva inasikiliza wapi. Ingia kwa SSH, ile njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, kisha andika:

sudo ss -tulnp

Herufi t ni TCP, u ni UDP (njia mbili za kusafirisha data), l ni huduma zinazosikiliza, n inaleta namba badala ya majina, na p inataja programu yenyewe. Matokeo ni mengi, lakini mimi natazama safu ya anwani za hapa kwenye seva, na namba ya poti, yaani mlango wa huduma, baada ya nukta pacha. Nimeacha mistari mitatu ili muone vizuri:

0.0.0.0:22 sshd
0.0.0.0:5432 postgres
127.0.0.1:6379 redis-server

Huyu wa mwisho, Redis, yuko kwenye 127.0.0.1, maana yake anaongea na programu za humuhumu ndani ya seva. Hatusumbui. Lakini ukiona 0.0.0.0, huduma hiyo inapokea maombi kupitia kila anwani ya IPv4 iliyo kwenye seva, ikiwemo ile inayoonekana kwenye intaneti. Kwa upande wa IPv6 utaona mabano ya mraba yenye nukta pacha mbili ndani yake. Maana ni ileile.

Sasa tazama ule mstari wa postgres, yaani hifadhidata ya PostgreSQL, ujiulize: kuna kompyuta nyingine inayohitaji kweli kuongea na hifadhidata hii? Kama tovuti na hifadhidata vinakaa seva moja, jibu ni hapana. Fungua faili la postgresql.conf, tafuta mstari huu, uuache hivi:

listen_addresses = 'localhost'

Kisha anzisha PostgreSQL upya kabisa, kwa sababu badiliko hili halikubali reload, yaani kusoma mipangilio upya bila kuzima. Kwa hifadhidata ya MySQL, kinachotafutwa ni bind-address, na unaiwekea 127.0.0.1. Rudia ile amri ya ss uhakikishe 0.0.0.0 imeondoka kwenye mstari wa poti 5432. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwenye video hii. Huduma isiyosikiliza nje haihitaji ulinzi wa fayawoli, na hata siku mtu akizima fayawoli kwa bahati mbaya, yenyewe haifikiki.

Lakini tuchukulie una seva ya pili inayosoma hifadhidata hii. Basi ongeza anwani ya nje ya seva hii yenye hifadhidata kwenye listen_addresses, halafu nenda kwenye pg_hba.conf uandike mstari mmoja:

host mauzo msomaji 198.51.100.20/32 scram-sha-256

Soma nami: hifadhidata inaitwa mauzo, mtumiaji anaitwa msomaji, na anakubaliwa akitokea anwani hiyo moja tu, tena akiwa na nenosiri. Hiyo /32 ndiyo inayosema ni anwani moja. Ungeandika /24 ungeruhusu anwani 256. Na wale wanaoandika 0.0.0.0/0 ili kosa liondoke haraka, wameruhusu dunia nzima. Faili hili husomwa kutoka juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, kwa hiyo angalia usije ukawa na mstari mpana zaidi hapo juu. Hapa reload inatosha.

Haya, twende kwenye fayawoli. Kabla ya kugusa chochote, tujiwekee kamba ya kujiokoa, kwa sababu seva iko mbali na ukijifungia nje utabaki unaitazama tu. Andika:

sudo systemd-run --on-active=10min --unit=okoa /usr/sbin/ufw disable

Baada ya dakika 10 ufw itajizima yenyewe, isipokuwa tukiwa tumeisimamisha saa hii ya kuhesabu. Na dirisha hili la SSH usilifunge mpaka nikwambie.

Sasa kanuni zenyewe:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw allow from 198.51.100.7 to any port 22 proto tcp comment 'ofisi'
sudo ufw allow from 198.51.100.20 to any port 5432 proto tcp comment 'seva ya pili'
sudo ufw allow 443/tcp

Mbili za kwanza zinaweka msimamo wa jumla: kinachoingia kizuiwe, kinachotoka kipite. Ya tatu inaruhusu SSH kutoka anwani moja. Ya nne ni ya hifadhidata. Ya mwisho ni tovuti, na hiyo ni ya watu wote, hakuna haja ya kubana. Usiruke neno comment. Baada ya miezi sita hutakumbuka 198.51.100.7 ilikuwa ya nani.

Washa:

sudo ufw enable

Itakuuliza kama uko tayari, maana miunganisho ya SSH inaweza kukatika. Jibu y. Kisha:

sudo ufw status numbered

Hapa tutulie kidogo. Seva hii ilikuwa na kanuni ya zamani, kama zilivyo seva nyingi, na orodha inatoka hivi:

[1] 22/tcp ALLOW IN Anywhere
[2] 22/tcp ALLOW IN 198.51.100.7
[3] 5432/tcp ALLOW IN 198.51.100.20
[4] 443/tcp ALLOW IN Anywhere
[5] 22/tcp (v6) ALLOW IN Anywhere (v6)
[6] 443/tcp (v6) ALLOW IN Anywhere (v6)

Umeona tatizo? Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana inamaliza mjadala. Namba 1 inamruhusu kila mtu kwenye poti 22. Namba 2, ile tuliyoiandika kwa uangalifu, haifanyi kazi yoyote. Kuongeza ruhusa ya mtu mmoja hakuondoi ruhusa ya wote iliyokuwepo. Basi tufute ya zamani. Na tazama namba 5: ni kanuni ileile kwa upande wa IPv6. Ukifuta 1 ukaiacha 5, umefunga mlango na dirisha liko wazi. Anza na namba kubwa, kwa sababu ukifuta ya juu, za chini zote zinabadilika namba:

sudo ufw delete 5
sudo ufw delete 1

Sasa kujaribu. Dirisha lako la zamani kuendelea kufanya kazi si ushahidi, kwani muunganisho uliokwisha kukubaliwa huachwa uendelee. Fungua dirisha jipya, uingie kwa SSH upya ukiwa kwenye ile kompyuta iliyoruhusiwa. Ukiingia, vizuri. Halafu hamia mtandao mwingine kabisa, hata ule wa simu yako, na ujaribu hivi, ambapo 203.0.113.5 ni anwani ya seva yetu:

nc -vz -w 5 203.0.113.5 22

Ikikaa kimya sekunde 5 kisha ikasema muda umeisha, fayawoli imeitupa pakiti bila kujibu, na ndicho tulichotaka. Ikisema muunganisho umekataliwa, mara nyingi maana yake pakiti imefika lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Ikisema imefanikiwa, rudi kwenye orodha, kuna kanuni umeisahau. Jaribio hili usilifanye ukiwa ndani ya seva yenyewe. Hata ukitumia anwani yake ya nje, mawasiliano hayo hupita ndani kwa ndani ambako ufw huruhusu, na utapata jibu la kukudanganya.

Imekubali? Simamisha saa, na sasa unaweza kulifunga lile dirisha:

sudo systemctl stop okoa.timer

Wenye Docker, ile programu ya kuendesha huduma ndani ya visanduku viitwavyo kontena, msiondoke. Ukiendesha kontena kwa -p 8080:80, Docker huandika kanuni zake yenyewe, na maombi yanaelekezwa kwenye kontena bila kupita kwenye zile kanuni za ufw. Utatazama ufw status, hutaona 8080 popote, na bado poti iko wazi kwa dunia. Dawa rahisi ni kuandika -p 127.0.0.1:8080:80, halafu mbele yake uweke Nginx, programu ya seva ya tovuti, ipokee wageni.

Kuna jambo naulizwa mara nyingi: mafaili ya /etc/hosts.allow na /etc/hosts.deny. Hayo ni ya TCP Wrappers, mfumo wa zamani wa kuruhusu au kuzuia kompyuta, kazi ya Wietse Venema ya mwaka 1990 alipokuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Utaratibu wake ni kwamba allow husomwa kwanza, kisha deny, na asiyetajwa popote huruhusiwa. Yalifaa sana enzi zake. Lakini programu huyatii pale tu ilipojengwa pamoja na maktaba ya libwrap, au inapoitwa kupitia tcpd. OpenSSH, programu ya SSH yenyewe, iliacha kuyatumia kuanzia toleo la 6.7 mwaka 2014, ingawa Debian waliendelea kuirudisha, na Red Hat waliyaondoa kwenye RHEL 8. Ubaya wake ni kwamba ukiandika sshd: ALL kwenye hosts.deny ya mfumo usioyasoma, hakuna kosa litakalotokea. Utadhani umefunga. Mimi siyategemei tena kwenye seva mpya.

Kama anwani ya IP ya nyumbani kwako hubadilika kila mara, usikimbize anwani. Sakinisha WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri kati ya kompyuta yako na seva, uache poti yake ya UDP wazi, kisha poti 22 uiruhusu kwa anwani za ndani ya VPN peke yake. Na funguo za SSH zibaki palepale, kwani anwani ya IP inasema ombi limetoka wapi, haisemi nani ameketi kwenye kibodi.

Kitakachokusumbua baadaye ni mtu halali kuzuiwa. Akikupigia kwamba hifadhidata haifunguki, usizime fayawoli ili ujaribu. Tazama kumbukumbu:

sudo journalctl -k | grep 'UFW BLOCK'

Tafuta DPT=5432, yaani poti iliyolengwa, halafu soma SRC, yaani anwani ombi lilikotoka, kwenye mstari huohuo. Ukikuta 198.51.100.21 wakati wewe uliruhusu .20, seva yao imebadilishiwa anwani. Ongeza kanuni mpya yenye maelezo yake, ongeza pia mstari wa anwani hiyo mpya kwenye pg_hba.conf na ufanye reload, mwambie ajaribu tena, na akishathibitisha imefunguka, ifute ile ya .20 kote kuwili.