Kilo Mbili za Wiki ya Kwanza ya Mazoezi

Ndugu zangu, tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutashinda hapa tukiilaumu mizani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kilokalori 7,700. Mtu kaanza mazoezi Jumatatu, Jumapili kapanda mizani, kaongeza kilo mbili. Ili kilo hizo ziwe mafuta, ilimpasa ale kilokalori 15,400 zaidi ya mahitaji yake, yaani 2,200 za ziada kila siku. Kwa wengi wetu hicho ni chakula cha mtu mwingine mzima. Ulikula cha watu wawili, siku saba mfululizo? Hukula. Basi kilichoongezeka kwa sehemu kubwa ni maji. Nimelisema hili mpaka kuna wanaonimalizia sentensi, na leo nalirudia.

Msuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na karibu gramu tatu za maji. Msuli uliokuwa umelala huweka akiba ndogo, ukiamshwa, huongeza. Ikiongezeka gramu 200 tu, zinakuja na maji gramu 600. Hapo una gramu 800 kwenye mizani na mafuta hayajasogea.

Kisha kuna uvimbe. Ukichuchumaa na uzito mabegani, au ukishuka ngazi nyingi, msuli unarefuka huku unakaza, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Mwili unapeleka maji na seli za kinga kukarabati. Maumivu yake hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Sasa wewe umefanyisha miguu kazi jana, leo unakimbilia mizani! Unatafuta nini? Na wenye kukimbia au kuendesha baiskeli, damu yao nayo huongezeka majimaji katika siku za mwanzo, ili moyo upate cha kusukuma.

Najua yupo anayesema moyoni, "Hiyo ni misuli." Hapana. Msuli haukui kilo mbili kwa wiki. Mwanamume anayeanza vyuma, anakula protini ya kutosha na analala vizuri, akipata kilo moja ya msuli kwa mwezi amefanikiwa sana. Mwanamke kwa kawaida hupata kama nusu yake. Usijipe sifa ya kazi ambayo hujaimaliza.

Mwingine anaogopa namba, anaacha kunywa maji. Huyo ananiudhi kuliko wote. Namba itashuka, mafuta yatabaki palepale, na mazoezi ya kesho yatamshinda.

Pima hivi. Asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya kula wala kunywa, nguo nyepesi, mizani juu ya sakafu ngumu. Kwenye zulia inasoma uongo. Andika kila siku. Jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, ulinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki, maana namba ya siku moja haina maana yoyote. Wanawake, linganisheni wiki ileile ya mzunguko wa hedhi na ya mwezi uliopita. Kiuno pima kila baada ya wiki mbili, katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, utepe usibane.

Muda unanikimbia, nitapita haraka. Baada ya wiki sita, wastani ukizidi kupanda na kiuno nacho kikipanuka, hapo ni chakula. Saa nzima ya kutembea kwa kasi hutumia kama kilokalori 300 kwa mtu wa kilo 70. Soda ya nusu lita inarudisha karibu 200. Ukitumia kreatini, kile kirutubisho cha wanyanyua vyuma, tarajia kilo moja au mbili, maji tena. Miguu ikivimba na ukiibonyeza kidole kikaacha shimo, au pumzi ikikata ukilala chali, au mkojo ukawa wa kahawia baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zinazoongeza uzito nilikuwa nazo hapa kwenye karatasi, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Aliyeanza dawa mpya mwezi uleule alioanza mazoezi anyooshe mkono, tutafungua maswali na yeye.