JCPS ilitoka wapi? Shule za Louisville na habari ndefu ya basi la njano

Zuhura: Karibuni wasikilizaji, leo na kaka Bakari tunaongea JCPS, yaani Jefferson County Public Schools, maana watu wetu wengi hapa Louisville watoto wanasoma humo miaka nenda rudi lakini ukimuuliza mzazi JCPS ni nini hasa, anakwambia si wale wa mabasi ya njano.

Bakari: Dada hata mimi nilivyofika nilijua ni jina la shule moja. Kumbe wilaya nzima!

Zuhura: Wilaya ya shule, sasa usiwaze wilaya ya nyumbani yenye DC na askari mlangoni. Hii inashika shule tu basi. Ina bodi ya watu 7 wanaopigiwa kura kila mtu na eneo lake, ina kodi yake inayotozwa kwenye nyumba na viwanja, na bodi ndo inaajiri msimamizi mkuu. Meya wa jiji hana amri pale.

Bakari: Hana kabisa? Hebu ngoja, mbona watu wanamtukanaga meya mtandaoni kwa habari za shule?

Zuhura: Wanamwonea tu. Na JCPS ndo wilaya ya shule kubwa kuliko zote jimbo la Kentucky, wanafunzi kama 95,000, shule zaidi ya 160, lugha za majumbani zaidi ya 100, Kihispania kinaongoza ila Kiswahili kiko juu juu kule, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, wote humo humo.

Bakari: Sasa ukubwa wote huo ulitoka wapi?

Zuhura: Hapo ndo patamu. Mwanzo zilikuwa mbili, shule za jiji la Louisville kivyake na shule za Jefferson County, yaani za pembeni huko, kivyake. Na juu ya hapo kulikuwa na sheria ya Kentucky ya mwaka 1904 inakataza mtoto mweusi na mweupe kukaa darasa moja, hata shule binafsi. Weusi wa jiji sekondari yao ikawa Central High, ndo aliyomaliza Muhammad Ali mwaka 1960.

Bakari: Lakini 1960 si mahakama kuu ya Marekani ilishakataza ubaguzi mashuleni?

Zuhura: Ilikataza 1954, na Louisville wakafungua milango 1956, rais Eisenhower akawasifia kabisa. Ila walisema mzazi asiyetaka aombe uhamisho, ukijumlisha na mitaa yenyewe ilivyogawanyika, weusi West End, yaani magharibi ya jiji, weupe wanahamia county, baada ya miaka kama 15 hivi unakuta shule nyingi bado za rangi moja. Watu wa haki za raia wakaenda mahakamani.

Bakari: Ikawaje?

Zuhura: Mwaka 1975 mambo mawili yakagongana. La kwanza, shule za jiji zilikuwa hoi, hela hakuna, wanafunzi wanapungua, bodi yake ikaamua ijivunje, serikali ya jimbo ikaamuru ziunganishwe na za county, Aprili 1975 ikawa moja, hiyo ndo JCPS ya leo. La pili, kiangazi hicho hicho jaji wa serikali kuu, James Gordon, akaamuru watoto wabebwe na mabasi wachanganywe, na shule zifunguliwe hivyo Septemba. Maandalizi ya wiki chache tu!

Bakari: Na watu wakakubali kirahisi hivyo?

Zuhura: Thubutu! Usiku wa pili tu upande wa kusini wa county fujo, mabasi yamechomwa, watu wanapigana na polisi, Ku Klux Klan, lile kundi la weupe wabaguzi, nao wamejitokeza, gavana akaleta jeshi la akiba, watoto wanapanda basi na mtu mwenye bunduki ndani.

Bakari: Duh.

Zuhura: Na walichaguaje nani abebwe? Herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Kila mwaka herufi fulani zinapanda basi. Ila hesabu haikuwa sawa kaka, mtoto mweupe alibebwa kama miaka 2 katika 12, mweusi mpaka 8 au 10. Mzigo ukabaki kwa wale wale waliodhulumiwa toka mwanzo, na hilo mimi naona halisemwi vya kutosha.

Bakari: Iliisha lini?

Zuhura: Amri ilifutwa mwaka 2000, ila bodi yenyewe ikasema tunaendelea, kila shule iwe na weusi kati ya asilimia 15 na 50. Mzazi mmoja akashitaki, 2007 mahakama kuu ya Marekani ikasema huwezi kumpangia mtoto shule kwa kuangalia rangi yake, majaji 5 kwa 4. Wakabadilisha wakaanza kuangalia mtaa, kipato, elimu ya wazazi. Mpaka 2022 ndo bodi ikapitisha mpango wa kumpa mtoto wa West End haki ya kuchagua shule ya karibu na kwao.

Bakari: Halafu ndo likaja lile la 2023.

Zuhura: Agosti 9, siku ya kwanza ya shule. Madereva hawatoshi, njia za mabasi zimepangwa upya na kompyuta, watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa 4 usiku, shule zikafungwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata bodi ikaondoa basi kwa wanafunzi wengi wa shule za magneti, zile maalum za kuomba.

Bakari: Kwa hiyo mwenye gari anachagua, asiye na gari anapangiwa.

Zuhura: Wewe ndo umesema. Na wazazi wetu wengi wako shifti za usiku maghala huko, nani atampeleka mtoto?

Bakari: Sasa tufanyeje dada, kura hatuna wengine.

Zuhura: Kura ya bodi ni ya raia, Novemba ya miaka shufwa, kama umeshaapa uraia nenda. Ambaye bado, mikutano ya bodi iko wazi, unajiandikisha unaongea, na ukalimani omba mapema. Na kabla hujajaza fomu ya kuchagua shule uliza kwanza swali moja, basi lipo au halipo?