Kuhesabu ndege na wanyama wa Vundwe kwa kufuata maji

Karibuni, watazamaji. Kazi ya leo iko Vundwe, kisiwa kidogo kisicho na kijiji, kusini mwa Uzi katika Ghuba ya Menai, Unguja. Maji yakipwa unavuka kwa miguu kutoka Uzi. Yakijaa, umebaki huko huko. Kwa hiyo darubini bado iache begini, kwanza fungua jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika kwenye tope wanakula, na hakuna mtu anayeweza kuwamaliza kuwahesabu. Maji yanapopanda, tope linafunikwa, nao wanasogea pamoja kupumzika kwenye ncha ya mchanga na juu ya mikoko. Hesabu yenye maana ni ya kuanzia saa moja kabla ya maji kujaa mpaka saa moja baada yake. Muda huo njia yako ya kurudi iko chini ya bahari.

Sasa tuchague siku. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, pwani yetu maji hupwa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Ukihesabu siku hiyo, utarudi usiku, na hilo hatulishauri. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, bahari haipandi vya kutosha, tope linabaki wazi, na ndege hawana sababu ya kukusanyika. Sisi tunapenda tarehe kumi au kumi na moja ya mwezi wa kuandama: maji hujaa karibu saa saba au saa nane mchana, unavuka asubuhi na mapema, unarudi kabla ya giza. Thibitisha kwenye jedwali, maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Msimu wa ndege wahamiaji ni Septemba hadi Aprili.

Tazama mchoro huu. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 2.4. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 20, ya pili 40, ya tatu 60, ya nne 60, halafu yanapunguza mwendo. Mtu anaona saa ya kwanza bahari imetulia, anachelewa, na saa ya tatu anakuta mkondo umemfika kifuani. Vuka kabla maji hayajaanza kupanda, na kurudi usirudi mpaka mkondo uwe chini ya goti. Pita kwanza kwa sheha wa Uzi, kisha waulize wavuvi mkondo ulipo mwaka huu, maana mchanga huhama. Kama siku hiyo njia haikauki, kodi mtumbwi. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa sababu chaza kwenye mizizi ya mikoko hukata, na buruta nyayo majini ili samaki taa aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga.

Vifaa: darubini ya 8x42, teleskopu na stendi yake, daftari, penseli mbili (wino huyeyuka), maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Ukifika, kaa mbali na kundi, upande ambao jua liko mgongoni mwako. Waangalie ndege wenyewe. Aliyeficha mdomo mgongoni amelala. Wengi wakinyanyua vichwa kwa pamoja na kuanza kutembea, umekaribia mno. Rudi nyuma polepole. Wakiruka, hesabu imeharibika, nao wamepoteza nguvu wanazoziwekea safari ya kaskazini.

Hesabu jumla kwanza, aina baadaye. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, shika kwa macho ukubwa wa fungu hilo, kisha lipime kwenye kundi lote kutoka kushoto kwenda kulia. Rudia mara tatu, chukua namba ya katikati. Halafu tambua ndege 100 kutoka sehemu tofauti za kundi. Usichukue ukingoni peke yake, maana wakubwa na wadogo mara nyingi hujitenga. Tuseme jumla ni 640, na katika 100 hao 55 ni vitwitwi wa mchanga, 30 ni Calidris ferruginea (jina la kisayansi la ndege mdogo wa pwani) na 15 ni wengine: unaandika 352, 192 na 96, na pembeni herufi K kwa maana ya kadirio.

Mchana mazigazi yatakusumbua. Punguza ukuzaji wa teleskopu hadi 20 au 25 na simama juu kidogo, kwa sababu hewa inayocheza iko karibu na mchanga. Ukuzaji wa 60 hapo unakuza mtetemo tu.

Ndege aitwaye Dromas ardeola hakosewi: mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Sululu ana mdomo uliopinda chini na mistari kichwani. Buabua wawili wakubwa watofautishe kwa mdomo: wa rangi ya chungwa ni Thalasseus bengalensis, wa manjano iliyofifia ni Thalasseus bergii. Vitwitwi wa mchanga huwachanganya hata wazoefu. Usipokuwa na hakika andika “kitwitwi, aina haikujulikana”. Hilo ni bora kuliko jina la kubahatisha.

Kwa kima punju, usihesabu kundi likiwa ndani ya majani. Subiri wavuke uwazi kati ya miti miwili, uhesabu mmoja mmoja anaporuka, wakubwa kando na watoto kando. Kwa kaa, weka fremu ya sentimita 50 kwa 50 na andika idadi ya mashimo. Usiyaite kaa, kwa kuwa shimo linaweza kuwa tupu. Kamera ya mtego, ile inayojipiga picha mnyama akipita, ifungwe nusu mita juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na bamvua, ikielekea kaskazini au kusini ili jua lisiifyatue.

Kwenye daftari, saa iandikwe 13:40. Ukiandika “saa saba na dakika arobaini”, mwezi ujao mtu ataiingiza kama 07:40, na ndege wako waliokuwa wamelala wataonekana walihesabiwa maji yamepwa. Andika pia ni dakika ngapi kabla au baada ya maji kujaa, upepo, muda uliotumia, na sifuri kwa ndege uliyemtafuta ukamkosa. Ingiza kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya hesabu za ndege, usiku huo huo, alama ya ramani ukiiweka juu ya Vundwe yenyewe.

Kabla ya kulala, suuza stendi kwa maji ya bomba, ukizivuta zile fito zote nje. Chumvi ikikaukia kwenye vifungio, safari ijayo havitafunguka.