Kabla hujasema mwani umekwisha

Habari za baridi ndugu zangu. Najua kuna watu hapa tangu asubuhi wanajiuliza mtu wa mwani kaja kufanya nini Mbeya, bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara huko. Hata dereva bajaji kaniuliza. Subirini, nitafika Matema, kwenye mawe ya Ziwa Nyasa.

Shamba la viazi kule Uporoto likiachwa mnajua linavyokuwa, mashonanguo yanaingia, baadae vichaka, siwafundishi hilo. Sasa watu wanadhani na mwamba wa pwani uko hivyo hivyo, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi. Halafu mtu anakuja siku moja tu, mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umekolea, bamvua, yaani siku ambazo bahari inatoka mbali kabisa, maji yametoka saa nne asubuhi na mwamba unachomeka mpaka mchana, anapiga picha, anaandika mwani umekwisha. Hapo ndio presha inanipanda!

Mimi na kijana mmoja mvuvi tuliwahi kukwangua vipande vinne kwenye mwamba, kwa patasi, kila kimoja kama kisosi. Viwili tukavifunika wavu wa waya tukakaza na skrubu, viwili tukaviacha wazi. Wiki chache tu, ndani ya wavu kijani tupu, ule mwani mwembamba kama karatasi, Ulva, huo una haraka kuliko wote. Nje ya wavu, hakuna kitu. Jiwe moja, jua moja, maji yale yale. Yule kijana akasema twende usiku. Tukaenda na tochi, tukawakuta kazini, konokono na vikaa, wanakwangua kama mtu anayesugua sufuria la ugali lililoungua. Maji yakijaa wanapokea zamu samaki, tasi na wenzake. Kwa hiyo pale panapoonekana patupu mwani unaota kila siku na unaliwa kila siku, na unaobaki ni ule mgumu wenye chokaa, wa pinki, umeganda kwenye jiwe kama rangi iliyomwagika, wengi wanapita juu yake hawajui kama nao ni mwani.

Mwezi wa tatu nikakuta wavu mmoja haupo. Nikauona kijijini, umeziba banda la kuku. Nilikasirika, lakini narudi mwambani siku chache baadae kile kijani chote kimeliwa, kumbe yule bwana wa kuku kanimalizia utafiti wangu bure.

Naona mzee pale anatikisa kichwa, visosi vinne ndio ushahidi? Haya. Watafiti Jane Lubchenco na Bruce Menge walifanya kazi kama hiyo Panama, kisiwa cha Taboguilla, na wao hawakuwa na visosi vinne. Walaji wakizuiwa, mwamba uliokuwa unaonekana mtupu unavamiwa. Na ile habari ya shuleni kwamba wa kwanza anamwandalia wa pili nafasi, sio lazima. Mtafiti mwingine, Wayne Sousa, mwaka 1979 alionyesha kwenye mawe ya California, huko sio tropiki najua, kwamba Ulva ikishakaa inawabania mwani mwekundu, mpaka kaa waile. Mpangaji hahami mpaka atolewe. Na mawe madogo yanayopinduliwa na mawimbi kila mara yana aina chache, makubwa yasiyopinduka nayo chache, ya katikati ndio yenye aina nyingi.

Upepo wa kusi nao ukifika, mawingu, mawimbi yanarusha maji juu, mwamba haukauki vile, jiwe lile lile ukirudi mwezi wa saba unaweza usilijue. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi ukanda wetu huu na mwani ukakalia mifupa, hiyo peke yake ni mhadhara, naruka. Wakulima wa mwani Zanzibar pia naruka, mwenyekiti ananionyesha saa.

Matema basi. Yale mawe ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, yanayowatelezesha watoto, hayana chumvi wala kupwa na kujaa, lakini ule utando wa kijani unaliwa kutwa na vile visamaki vya mawe. Mwalimu wa Kyela uliyeniuliza uanzie wapi na wanafunzi, chagua jiwe moja, litie alama, lipige picha kila mwezi, na waya kidogo ukipata. Ila uangalie wenye kuku.