Uliza Kuhusu Shingo

Wenzangu wa gari la wagonjwa, kufunga kidonda mnakujua, nakuacha. Leo narudi palepale shingoni, kwa mgonjwa aliyekabwa koo, na nitarudi hata mkinichoka.

Mgonjwa kapigwa na mwenzi wake. Mdomo umepasuka, mkono umevimba, nasi tunahangaika na mkono. Hakuna aliyemuuliza: "Alikukaba koo?" Uliza hivyohivyo, kisha ongeza: kwa mikono, kwa nguo, kwa kiwiko? Wengi hawasemi wenyewe, au husema "alinishika tu."

Mtaniambia shingo haina alama. Jamani! Katika kesi 300 za kukabwa zilizochambuliwa San Diego, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001, nusu ya waathirika hawakuwa na jeraha la kuonekana. Mishipa ya damu ya shingo huzibika kwa nguvu ndogo kuliko ya kuziba njia ya hewa. Mtu huzimia ndani ya sekunde kama 10, ngozi ikiwa nzima. Tafuta sauti iliyokwaruza, maumivu akimeza, vidoa vyekundu machoni; muulize kama alijikojolea au kuna kipande cha tukio asichokikumbuka. Ukuta wa mshipa ukichanika kwa ndani, damu huganda hapo, na kiharusi huweza kuja siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo oksijeni ya asilimia 98 kwenye kipimo cha kidole si ruhusa ya kumwacha nyumbani. Apelekwe panapopigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa ya shingo. Tena utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta uwezekano wa mwanamke kuuawa na mwenzi wake ukipanda zaidi ya mara 7 pale alipokwishawahi kumkaba.

Umuulizie wapi? Ndani ya gari la wagonjwa, mlango umefungwa. Mume akisisitiza kuingia, mwambie mgonjwa hupimwa peke yake, ndio utaratibu. Mtoto asifanywe mkalimani.

Kwenye fomu nukuu maneno yake: "Alinikaba kwa mikono miwili nikaona giza." Usiandike "anadai", neno hilo linamtilia shaka kabla hajafika hospitali. Nguo ikate mbali na tundu au mchaniko, uitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ushahidi ukaoza.

Naona muda unaniishia. Akikataa kwenda, usimlazimishe wala usimgombeze. Usimwachie kikaratasi cha namba za msaada kabla ya kumuuliza kama ni salama kukutwa nacho. Mweleze dalili kwa mdomo: kichwa au shingo kuuma sana, upande mmoja kulegea, kupumua kwa shida. Apige simu mara moja, hata ikiwa ni usiku wa tatu.